Mama Wageni Hana Mgeni

Umri wake siujui. Mratibu mmoja wa mradi aliwahi kumuuliza, kwa adabu zote, akajibiwa, "Andika miye mkubwa kuliko weye, inatosha." Ukoo wake nao siujui vizuri, maana kila akianza kuutaja hukumbuka jambo baya alilofanyiwa na shangazi fulani, na habari ya ukoo huishia hapo kwa shangazi. Ninachokijua ni mdomo wake. Huo naujua barabara, umenipitia mara nyingi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wangu ni wageni wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea, wengine kufundisha hisabati, wengine kusaidia kwenye zahanati, na kabla ya kutawanywa mikoani hukaa Kibaha wiki kadhaa wajifunze lugha na wajifunze kuishi. Lugha nawafundisha mimi. Kuishi wanafundishwa na familia zinazowapokea, kila mgeni na familia yake. Mama huyu wa Misugusugu amepokea wageni tangu mradi ulipokuja kwetu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Wageni. Nilipomjua, mumewe alikuwa ameshafariki, na wanawe wako Dar, wanapiga simu Ijumaa baada ya sala. Nyumba ina vyumba vinne na mtu mmoja. Kwa hiyo kila mwaka, msimu wa wageni ukikaribia, hunikamata njiani: "Mwalimu, wangu anakuja lini?" Haulizi kama anakuja. Kwake hilo halikuwa swali kamwe, na mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Siku ya kukabidhiana, familia na wageni hukutanishwa ukumbini. Familia nyingine huingia kwa haya, zimevaa nguo za sikukuu, zinakaa kwenye viti vya plastiki kusubiri kuitwa. Yeye huingia na kuanza ukaguzi. Hupita kwa wageni mmoja mmoja, anashika mkono, anapima kiwiko, kama mtu aliyekwenda mnadani kununua mbuzi. "Huyu mwembamba. Mnanipa huyu aje afie kwangu, mseme nimemroga?" Wageni wanatabasamu, kwa sababu wiki ya kwanza wanatabasamia kila kitu. Huyo huyo mwembamba ndiye atakayemchukua, na wiki ya nne ukikutana na mgeni huyo utaona suruali imegoma kufunga.

Mwaka mmoja alipewa kijana mweusi, mweusi kunishinda mimi. Mama akanivuta pembeni. "Mwalimu, mmeniletea mtu wa Rufiji." Nikamwambia ni Mmarekani, yeye na babu yake na babu wa babu yake. "Usinidanganye, pua ile ya Utete." Akamwendea, akamsemesha Kizaramo. Kijana akamjibu kwa sentensi pekee aliyokuwa nayo, "Nimefurahi kukufahamu." Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jumamosi ile ile akamchukua hadi Kibuta, huko Kisarawe, ambako ana shamba la mihogo na mikorosho, akamtambulisha kuwa ni mtoto wa kaka yake marehemu aliyepotelea Tanga. Hakuna aliyebisha. Wazee wakampa pole ya kufiwa na baba, na mchana wakampa palizi. Alirudi Jumapili na malengelenge viganjani, ana furaha tele, anataka nimweleze huyo kaka wa Tanga alikuwa mtu wa namna gani. Mpaka leo sijui kama kaka huyo aliwahi kuwepo.

Mradi huzifanyia familia semina. Wanafundishwa kuchemsha maji, kutundika chandarua, kuweka kitasa kwenye mlango wa mgeni. Mwezeshaji mmoja akaeleza kwamba wageni hupenda kukaa chumbani peke yao jioni, si kwamba wamekasirika, ni faragha tu. Mama Wageni akanyoosha mkono.

"Akiwa peke yake humo ndani anafanya nini?"

"Anasoma, Mama. Anafikiri."

"Anafikiri nini na watu tupo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwezeshaji naye. Mama alirudi nyumbani, akaweka kitasa kipya kama alivyoagizwa, kitasa kizuri kuliko cha mlango wake mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa anagonga kila baada ya muda mfupi kuuliza kama mgeni ameshamaliza kufikiri.

Jikoni kwake kuna sheria zinazobadilika bila taarifa. Alipata mgeni asiyekula nyama, akakaa siku nzima akiwauliza majirani kama kijana yule ameweka nadhiri au ni mgonjwa. Mwishowe akaamua ni nadhiri, kwa kuwa ina heshima zaidi. Akampikia kisamvu cha nazi, kunde, njegere, magimbi, na kijana akanawiri. Siku moja nikakuta kwenye sahani yake kipande cha kuku. "Mama, huyu si hali nyama?" Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, nyama ni ng'ombe. Kuku ni kuku." Lakini jirani alipoleta pilau ya shughuli yenye vipande vya ng'ombe, Mama alisimama mlangoni na kumrudisha nayo. "Mwanangu ana nadhiri yake. Unataka apate laana nyumbani kwangu?" Kijana alikuwa anautazama ule mgogoro kutoka dirishani, hajui kama apige makofi au aombe radhi.

Sheria ya kufua, hiyo haibadiliki. Nguo za nje utafuliwa ukitaka, za ndani unafua mwenyewe na unaanika ndani, chini ya kanga. Mgeni mmoja, mwanaume mzima wa miaka hamsini, mhandisi kwao, alianika zake kwenye kamba inayotazama barabara. Mama akatoka uani na kutoa mhadhara kwa sauti iliyofika stendi. Alieleza maana ya stara, historia ya stara, na hatima ya wasio na stara, na majirani walikuja na vigoda. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho ameshika chupi yake mkononi. Jioni nikamuuliza alijisikiaje. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba tangu mama yake mzazi afariki hakuna mtu aliyewahi kumgombeza vizuri namna ile.

Mama husali sala zote tano na kusengenya katikati yake. Akishatoa salamu ya mwisho, kabla hajaukunja mswala, ameshakumbuka pale alipoishia. Hupenda pia tamthilia za masultani zinazotafsiriwa Kiswahili kwenye televisheni, na wageni wake wote hulazimika kuziangalia naye, kwa sababu hataki kuangalia peke yake na hataki kuulizwa maswali. Matokeo yake nayapata mimi kwenye mtihani wa mazungumzo. Nilimuuliza msichana mmoja atafanya nini akichelewa kazini. Alinyanyua kidevu, akaniambia, "Naapa kwa roho ya baba yangu, sitachelewa." Msahihishaji mwenzangu alitoka nje kucheka. Alama tulimpa, tena nzuri, maana waliolelewa na Mama Wageni hawashindwi kuongea. Wenzao waliokaa kwenye nyumba za kistaarabu, zenye faragha, ndio wanaoganda.

Usidhani ni mpole kwa ndani, ile habari ya watu wakali wenye moyo wa asali. Hapana, ni mkali mpaka ndani. Mgeni wake mmoja alipolazwa kwa malaria, alikaa kwenye benchi la hospitali kutwa, akagombana na wauguzi wawili, na daktari, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa anakoroma. Kisha akamgeukia mgeni mwenyewe aliyekuwa anatetemeka. "Nilikwambia shusha chandarua. Ulikuwa unafikiri, eh? Fikiri sasa." Alisema hivyo huku anamlisha uji kwa kijiko, anaupuliza kwanza.

Na siku ya kuagana lazima alianzishe. Hiyo ni kila mwaka. Gari la mradi likiwa limeshafika na mabegi yako nje, ataona ndoo imeachwa juani, au fagio limesimamishwa vibaya, na hapo ugomvi utawaka mpaka mgeni apande gari machozi yakimtoka. Mwanzo nilidhani ana roho mbaya. Baadaye nikamwona, gari likishaondoka, anaingia ndani na kufunga mlango wa mbele mchana kweupe, mtu ambaye mlango wake haufungwi hata mvua ikinyesha. Wiki zinazofuata hunipigia simu. "Yule mjinga wangu aliyekwenda Njombe, kule baridi. Ana sweta?" Nikisema sijui, ananiuliza mimi mwalimu wa nini.

Sasa nije kwenye yaliyomponza.

Jirani yake wa shamba kule Kibuta ni Msukuma, mzee mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na hawa wawili utani waliutumikia kwa moyo wote. "Weye, ulioga lini?" Mama huanza, kabla hata ya salamu. "Ng'ombe wako wamevuka mito yote ya nchi hii, wewe hujaona maji." Mzee humjibu, "Nyie wala mihogo, ng'ombe mnamjua kwa picha. Ukimwona huyu utamsalimia shikamoo." Mpita njia angedhani panga zinatoka. Lakini mzee alipovunjika mguu, Mama ndiye aliyekuwa anapeleka chakula, na alikuwa anakipeleka akimwita mvivu.

Mwaka jana mama mzazi wa Msukuma akafariki. Alikuwa bibi mzee sana, mkali, mtu wa ugoro na fimbo. Mama Wageni akaenda msibani na mgeni wake wa mwaka huo, binti mpole, mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Binti alikuwa amejiandaa. Kitabu chetu kina somo la msiba: unajifunga kanga, unatoa pole, unakaa chini na wanawake, sauti ya chini. Akajifunga, akatoa pole, akakaa. Halafu akamwona Mama Wageni anaingia uani amevaa gauni la marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, amepinda mgongo, anakohoa kikohozi cha marehemu.

"Nani kachukua ugoro wangu? Wezi nyie! Nimekufa jana tu, mmeshaanza kugawana!"

Akamchapa mjukuu mmoja fimbo ya matako. Akawasuta wakwe. Akawafuata wachimba kaburi, akawaambia shimo hilo linamtosha kuku, yeye miguu yake mirefu, kisha akaingia humo, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe ng'ombe. Wakampa jogoo. Akamkagua, akasema jogoo mwenyewe anaonekana mfiwa, akatoka. Watu walikuwa wanacheka huku wanajifuta machozi. Msukuma alikuwa hajafungua mdomo tangu mama yake akate roho, hajala, hajanywa, hajalia. Alipokisikia kile kikohozi alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti mpaka akamaliza. Ndipo akaomba maji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Kibuta walisema ni miaka mingi hawajaona mtu anaifanya vizuri namna ile.

Binti hakuona hayo. Alichoona ni mama mwenyeji wake amevaa nguo za maiti, anamdhihaki mfiwa mbele ya kaburi. Jumatatu akamweleza mratibu, na hakusema uongo hata neno moja. Akaongeza kwamba nyumbani pia mama humwita mvivu, na humtishia kumwoza kwa Msukuma kwa ng'ombe wawili, mmoja kilema.

Mratibu wa sasa ni kijana wa Kingoni. Msimu wa mwaka huu ulipokaribia nilikwenda ofisini kwake nikamweleza utani ni nini, nikamweleza kwa kirefu, mpaka akanikatisha.

"Mwalimu, unanifundisha utani mimi? Babu yangu alipokufa watani walificha jeneza."

"Sasa?"

"Sasa nikamweleze nini bosi wangu, ambaye yuko upande wa pili wa simu? Nimwambie mama mwenyeji aliingia kaburini kwa ajili ya faraja?"

Nilibishana naye asubuhi nzima, na jioni nikarudi tena. Alikuwa ananielewa kila neno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akaamua Mama apumzike mwaka huu. Kupumzika ni neno la maofisini, wanampa mtu wasiyemtaka. "Wewe ndiye unayeelewana naye," akaniambia. "Kamwambie."

Nilikwenda wiki iliyopita, baada ya adhuhuri. Nilimkuta barazani anapeta mchele. Chumba cha mgeni kilikuwa wazi, kimepakwa rangi mpya, kijani cha kuumiza macho, chandarua kimetundikwa, godoro limeanikwa nje. Akaniona tangu getini.

"Wa kike au wa kiume? Kama wa kiume niongeze unga."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia yote, msiba na ofisi na kupumzika, sikupunguza, maana angenigundua. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kuyapokea kwa niaba ya ofisi nzima.

"Alilia?" akauliza.

"Nani, Mama?"

"Mtoto. Siku ile tunarudi."

"Alisema alilia njia nzima."

"Lo." Akautazama mchele. "Miye nilidhani mafua. Nikamchemshia tangawizi."

Akaokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa. Kisha, "Mbona hakuniuliza? Angeniuliza ningemwambia."

"Hakujua kama linaulizwa."

"Msukuma mwenyewe angemwambia. Tungerudi tukamuulize." Akaweka ungo chini. "Na mwaka kesho?"

"Sijui, Mama."

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Ningemlipia mtu anitukane wakati ule, lakini hakunitukana. Aliinuka akaingia chumba cha mgeni, nikamfuata, nikamkuta anafungua kamba za chandarua. Nyumba ilikuwa kimya, na mimi katika miaka yote ile sikuwahi kuisikia ikiwa kimya.

"Unajua, Mwalimu," akasema, amenipa mgongo, "ninyi mkiwachukua, miye huwa naongea na jiko. Nalisema kutwa. Halinuni, halijibu, halikui. Mtu utaongea na jiko mpaka lini?"

Nikashika upande wa pili wa chandarua kumsaidia kukikunja. Akanitazama, kwanza mikono, halafu uso, ukaguzi ule ule wa ukumbini.

"Weye unakaa wapi siku hizi?"

"Nimepanga, Mama. Kule Zegereni, nyuma ya kiwanda."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Jana umekula nini?"

"Chipsi mayai."

"Juzi?"

Nikajifanya nakunja chandarua.

"Nimekuuliza juzi."

"Chipsi, Mama."

"Mtu mzima!" Sauti ikarudi yote kwa mara moja, mpaka kuku uani wakashtuka. "Mwalimu mzima! Watoto wa watu unawafundisha ugali, weye unalelewa na muuza chipsi! Hebu acha hicho chandarua, unakikunja vibaya. Lete hapa." Akakinyang'anya, akaanza kufunga tena kamba zile alizozifungua. "Kalete nguo zako."

"Mama, mimi nina kwangu."

"Kwako kuna nini?"

Nilifikiri nimjibu nini. Kuna kitanda. Kuna feni. Kuna mashine za kiwanda zinazonguruma kutwa, ambazo nimezizoea kwa kuwa ni afadhali kuliko ukimya. Nikamwambia nitakuja Jumamosi nijaribu.

"Jumamosi tunakwenda Kibuta. Kalete leo."

Nikaenda nikaleta begi moja, nikijiambia ni la siku mbili. Kabla ya alasiri kwisha nilikuwa nimeshaambiwa kwamba nakamua nguo kama nachezea, kwamba napiga deki nikielekea mbele badala ya kurudi nyuma, na kwamba ndiyo maana mume wangu hakukaa. Nilikuwa nimeinama na tambara la deki mkononi, jasho linanitoka, nimekasirika kweli kweli, jirani aliposimama kwenye michongoma.

"Mama Wageni! Nasikia makelele. Wameshakuletea?"

"Wameniletea, huyu hapa," akajibu, na hakuitazama hata kidogo ile deki yangu. "Umri umemwendea, lakini Kiswahili anakijua."